Boma Bila Nguzo: Jinsi ya Kuanzisha Makao Pasipo Stima Wala Mfereji

Mwaka huu tuliombwa tulete makala za mafunzo, si mashairi na vitendawili pekee. Nami nimeleta somo ambalo sisi wa shule ya kutwa tunalijua kwa miguu yetu. Somo lenyewe ni jinsi ya kuanzisha boma mahali pasipo na stima wala maji ya mfereji.

Huku kwetu kandokando ya Olkaria jambo hili si la kusoma vitabuni tu. Wapo wenzetu ambao wazazi wao walichoka kulipa kodi ya chumba karibu na mashamba ya maua, wakanunua ploti kule uwandani. Wapo ambao jamaa zao walihamishwa mwaka 2014 kupisha kituo cha Olkaria IV, wakaanza makao upya. Wapo pia ambao babu zao wamechunga hapa tangu zamani. Sote tunapokutana darasani maswali ni yale yale: maji yatatoka wapi? Kuni je? Nitasomea taa gani?

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Neno langu kuu ni hilo: pima kwanza, nunua baadaye. Na ukianza kununua, maji yatangulie, moto ufuate, taa ije mwisho. Wengi hufanya kinyume, ati kwa sababu taa huonekana na majirani. Nifuate polepole, nitakuonyesha kwa hesabu.

1. NYAYA ZINAPITA, NYUMBA IKO GIZANI

Kabla hatujaingia shambani, wacha tujibu swali ambalo kila mtoto wa huku ameliuliza. Nguzo kubwa za chuma zinapita juu ya malisho yetu. Usiku taa za mitambo ya Olkaria zinaonekana kama mji. Mbona basi nyumba zilizo chini ya nyaya zile zinawasha koroboi?

Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Leo mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya nzima, na sehemu kubwa yake inatoka hapa hapa petu. Lakini umeme unaosafiri mbali husukumwa kwa nguvu nyingi ili usipotee njiani. Laini ya kutoka Olkaria kwenda Nairobi, kwa mfano, ni ya volti 220,000. Taa na redio za nyumbani hutaka volti 240 tu. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara 900! Kuchota umeme kutoka kwenye waya ule ni sawa na kutaka kunywa maji kwa kufungua mdomo chini ya maporomoko. Lazima ushushwe kwanza katika vituo maalumu, kisha transfoma ya kijijini iushushe tena.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi wa kuunganisha walio karibu na transfoma, umbali usiozidi mita 600, kwa shilingi 15,000. Huo ulikuwa msaada mkubwa kwa walio ndani ya mita hizo. Lakini uwandani nyumba zimetawanyika, na boma moja kutoka jingine ni mwendo wa kilomita. Kwa hiyo kungoja nguzo bila kufanya lolote ni kujidanganya. Ngojangoja huumiza matumbo.

2. MAHALI PA KUWEKA NYUMBA

Kabla ya kuchimba msingi, tembea ardhi yako mvua ikinyesha. Naam, ukiwa umelowa! Kiangazi ardhi yote ni tambarare na nzuri. Mvua ndiyo husema ukweli: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanakaa wapi.

Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano ya kale, mwepesi na wenye kupukutika. Maji huukata kama kisu kinavyokata ugali, na korongo la mwaka huu si la mwaka jana. Mnamo Machi 2018 ufa mkubwa ulitokea upande wa Suswa ukaikata barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok. Na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Maai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuilika juu yalibomoa njia yakashuka kwa kishindo. Makumi ya watu walifariki, wengi wakiwa usingizini. Mola awarehemu. Sisi tuliobaki tuna wajibu wa kujifunza. Usijenge kwenye mkondo hata kama umekauka miaka kumi. Maji hayasahau njia yake.

Choo cha shimo nacho kina masharti. Katika udongo wa majivu, shimo lisilojengewa kuta huporomoka, hasa sehemu ya juu. Lizungushie mawe au tia pipa kuukuu lililotolewa vitako. Kiwe upande wa chini ya nyumba, na umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote.

Mwisho, tazama upepo. Huku upepo wa mchana huleta vumbi la kupofua macho. Panda ua wa miti upande unaotoka upepo, mapema iwezekanavyo, kwa maana nyumba hujengwa kwa miezi lakini mti hukua kwa miaka.

3. MAJI: HESABU YA PAA

Sasa tufike kwenye roho ya somo. Ukiwa na paa la mabati, una kisima juu ya kichwa chako. Kanuni ni nyepesi, na mwalimu wa Hisabati atanithibitishia: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja mraba ni lita moja ya maji kamili.

Nitatumia nyumba yetu kama mfano. Ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, yaani mita mraba 48. Tuchukue mvua ya mwaka kuwa milimita 600, ambayo si mbali na kawaida ya Naivasha.

48 x 600 = lita 28,800

Si yote yatakayoingia tangini. Mengine hurukia nje, mengine hukauka juu ya bati lenye joto. Tuhesabu sehemu nane kati ya kumi.

28,800 x 0.8 = lita 23,040

Hizo ni mitungi 1,152 ya lita ishirini. Mitungi elfu moja na zaidi inayoanguka nyumbani bila kufuatwa! Mvua moja tu nzuri ya milimita 20 hutupatia lita 768, yaani mitungi 38. Punda wetu hubeba mitungi minne kwa safari. Basi mvua moja ya jioni ni sawa na safari kumi za punda, pamoja na mtu wa kumswaga.

Lakini tusishangilie upesi. Tuko sita nyumbani. Kila mtu akitumia lita 15 kwa siku, kunywa, kupika, kuosha na kuoga kwa kubana, tunahitaji lita 90 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 32,850. Paa linatoa 23,040. Pengo ni lita 9,810, na mwaka wa ukame pengo hupanuka. Mvua ikiwa milimita 400 tu, paa hutoa lita 15,360, chini ya nusu ya haja yetu.

Je, paa halina maana? La hasha! Hapa ndipo kupima kunapofaa. Tangi la lita 5,000 likitumika kwa kila kitu, lita 90 kwa siku, litakauka kwa siku 55. Likitumika kwa kunywa na kupika tu, tuseme lita 20 kwa siku, litadumu siku 250. Tangi ni lile lile. Tofauti ni sheria ya nyumbani. Kwetu sheria ni hii: maji ya tangi ni ya kinywa na sufuria. Ya kufulia, kuoga na mifugo yafuatwe na punda au yatoke kwenye bwawa la kuchimba. Bwawa lenyewe ni lazima litandikwe karatasi nzito ya plastiki, maana udongo wa majivu hunywa maji kuliko ng'ombe.

Kuhusu ufundi, mambo manne yatosha. Kwanza, gata ishuke sentimita moja kwa kila mita moja, isilale. Pili, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, kama mitungi miwili mitatu hivi, ili ioshe vumbi na mavi ya ndege. Tatu, mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mdogo kuzuia mbu na panya. Nne, tangi lisimame juu ya jukwaa imara la mawe. Lita 5,000 ni tani tano, na udongo wetu ukilainika jukwaa dhaifu hupinduka na tangi lake.

Ukitaka kujua mvua ya kwenu, usingoje redio. Chukua mkopo ulionyooka kutoka chini hadi juu, uweke uwanjani mbali na mti, na kila asubuhi pima kwa rula kina cha maji. Andika daftarini, mwaga, rudisha. Mwaka mmoja tu wa kuandika utakujulisha shamba lako kuliko miaka kumi ya kukisia.

4. KWA NINI MAJI YA MVUA NI YA WADOGO KWANZA

Sehemu hii naomba isomwe na kila aliye na ndugu mdogo nyumbani.

Katika Bonde la Ufa maji mengi ya chini ya ardhi yana madini yaitwayo floridi, ambayo hutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja. Visima vingi vya kuchimbwa vya huku hupita mpaka huo. Kidogo huyafaa meno, lakini kingi huyaharibu. Meno hutoka na madoa ya hudhurungi, na kingi zaidi kwa miaka mingi huumiza hata mifupa.

Dada yangu mkubwa ana meno hayo. Amenipa ruhusa niandike. Ni mcheshi kuliko sisi wote, lakini mbele ya wageni hucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Wapo waliomwambia ati hapigi mswaki. Uongo mtupu! Hupiga mswaki asubuhi na jioni. Alikunywa tu maji ya kisima tangu utotoni, kabla hatujawa na tangi.

Basi sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Madoa haya huingia wakati jino lingali likijiunda ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane ya kwanza ya maisha. Jino likishakamilika, maji ya kisima hayalitii madoa hayo tena. Kwa hiyo, kama maji ya mvua ni machache, hayagawanywi kwa umri wa mkubwa. Yaanze kwa walio chini ya miaka minane, kwa kunywa, kwa uji na kwa chai yao. Nyumbani kwetu wapo wawili, wa miaka minne na wa saba. Wana mtungi wao wenye kifuniko cha bluu, na ole wako ukutwe unachota humo!

Tena, kuchemsha hakuondoi floridi. Kuchemsha huua vijidudu, jambo jema, lakini maji yakipungua sufuriani floridi hubaki pale pale, hata huzidi kukolea. Kinachoiondoa ni chujio maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo huchomwa kwa ustadi katika tanuri, si meko ya nyumbani, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu asijaribu kuchoma mifupa jikoni kisha akadhani ameponya kijiji.

Kwa vijidudu, kama kuni hazipo, jua linasaidia. Maji meupe yasiyo na tope yakiwekwa katika chupa safi ya plastiki inayopenya mwanga, ikalazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, vijidudu vingi hufa. Siku za mawingu yaachwe siku mbili.

5. CHURURU SI NDO NDO NDO: MAJI YA MVUKE

Methali hii nimeisikia tangu darasa la nne, lakini maana yake niliiona vizuri niliposoma habari za Eburru, mlima ulio kaskazini-magharibi mwa ziwa Naivasha. Kule juu hakuna mto wa kutegemea, lakini ardhi inatoa mvuke kupitia matundu. Tangu enzi za walowezi, watu wa Eburru wamekuwa wakiutega mvuke huo. Bomba hupachikwa tunduni, hunyooshwa kwa mteremko, na mvuke unapopita ndani yake hupoa kwa hewa baridi ya mlimani. Mvuke ukipoa hugeuka maji, na maji hudondoka ndani ya tangi. Ndo, ndo, ndo, usiku na mchana, masika na kiangazi. Maji hayo yametumika majumbani na kwa mifugo. Tena joto lile lile lilitumika kukaushia maua ya pareto. Mwaka 2012 kilianza pia kituo kidogo cha umeme pale Eburru, cha megawati 2.5 hivi.

Mbona nasimulia haya? Kwa sababu watu wa Eburru hawakulilia mto wasio nao. Walitazama walicho nacho wakauliza: hiki kinaweza kuwa nini? Hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayeanza boma.

Hata hivyo sikutumi ukachimbe mvuke! Visima vya mitambo ya Olkaria huteremka kilomita mbili hadi tatu, na joto la chini hupita nyuzi 300. Hata matundu ya juu yanaunguza, na mvuke huja na gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikijaa shimoni huua. Maji ya mvuke nayo yapimwe maabara kabla ya kuitwa ya kunywa.

6. MOTO WA JIKO

Baada ya maji ni moto, kwa sababu utakosa taa ukalala, lakini ukikosa moto watoto hawali.

Msitu wetu ni leleshwa, ule mti wenye majani ya rangi ya kijivu na harufu nzuri. Mola ameupa tabia njema: ukikata matawi na kuacha kisiki, huchipua tena. Tatizo ni wale wanaong'oa kisiki pamoja na mizizi ili wachome makaa. Kisiki kiking'olewa, leleshwa imekwisha, na udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi unaanza safari ya kwenda korongoni. Kata tawi, acha kisiki. Hiyo ndiyo benki ya boma.

Kisha punguza matumizi. Mafiga matatu hutupa joto nje pande zote. Jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo mafundi wa jua kali wa Kenya walianza kuliunda mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa thuluthi moja hivi au zaidi. Jiko la kuni liitwalo Maendeleo, linalokandikwa kwa udongo pale jikoni, lilienezwa miaka hiyo hiyo na vikundi vya akina mama. Yote mawili yapo mpaka leo, na kuyatengeneza si kazi ngumu.

Jambo jingine ni la Fizikia. Hapa tulipo, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama ilivyo Mombasa. Ndiyo maana githeri ya huku inakula kuni kuliko ya pwani! Dawa yake ni kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha, kufunika sufuria, na kutumia kikapu cha kupikia. Hiki ni kikapu kikubwa kilichotandikwa nguo kuukuu au nyasi kavu. Chemsha chakula kwa muda, kitoe motoni kikiwa kinatokota, kizike kikapuni na kifunike vizuri. Kitaendelea kuiva chenyewe mpaka utoke shamba.

Wapo watakaoniuliza habari za gesi ya samadi. Ni nzuri, lakini mtambo wake hutaka samadi ya kila siku kutoka kwa ng'ombe waliofungwa zizini, na maji kiasi sawa na samadi. Kwa boma linalofuata maji kwa punda, hilo ni deni juu ya deni. Lingoje.

7. TAA YA JUA

Sasa tumefika kwenye sola. Kenya ni nchi ya zamani katika jambo hili, na shule za sekondari zina sehemu katika historia yake. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, iliwekewa taa za jua badala ya kununua jenereta. Na tangu mwaka 2012 yapo makampuni yanayouza sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu.

Mwaka jana nyumbani tuliuza kondoo wanne. Pesa ziliweza kununua kitu kimoja kikubwa. Baba, ambaye ndiye mwenye boma na sauti yake tunaiheshimu, alitaka sola kubwa na televisheni, ili watoto wasiende kutazama habari kwa jirani na kurudi usiku. Mama alitaka tangi. Jambo likawa zito. Baba akanigeukia akasema, "Wewe unayesoma, leta kalamu." Nikaandika hivi:

Paneli ya wati 50 ikipata saa 5 za jua nzuri: 50 x 5 = wati-saa 250. Toa upotevu wa betri, nyaya na vumbi, hesabu sehemu saba kati ya kumi: 175.

Matumizi ya kila siku:
Balbu 4 za wati 5, saa 4: 80
Redio ya wati 5, saa 5: 25
Kuchaji simu 3, wati-saa 10 kila moja: 30
Jumla: 135

Inatosha, na 40 zinabaki. Lakini televisheni ya wati 30 ikiwashwa saa 4 hula 120 peke yake. Jumla inakuwa 255, nayo paneli inaleta 175. Na mwezi wa Julai, mawingu ya baridi yanapotanda, jua likiwa la saa 3, paneli italeta 105 tu. Hapo hata bila televisheni itabidi tuzime balbu moja na kupunguza redio kwa saa mbili.

Baba aliisoma karatasi mara mbili. Hakusema neno jioni ile. Asubuhi alituambia tutanunua tangi, na pesa zilizobaki ziwe paneli ndogo ya taa mbili na simu. Televisheni haijafika mpaka leo, na wadogo bado wanamwendea jirani. Sisemi kila kitu kimekuwa sawa. Lakini mtungi wenye kifuniko cha bluu haujakauka tangu masika.

Ukinunua sola, zingatia haya. Mwambie fundi aipime paneli mbele yako saa sita mchana kwa mita, volti mara ampea, maana zipo zenye maandishi makubwa na nguvu ndogo. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta na jua hupita utosini, iinamishe kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Ifute vumbi kila wiki. Kontrola ya chaji isikosekane. Na betri ya maji ya asidi usiitumie kupita nusu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini wewe hesabu 300 ndizo zako.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, boma lisilo na nguzo si boma la mtu aliyesahauliwa. Ni boma la mtu anayelazimika kujua kila tone na kila kuni anayotumia. Nguzo ikija tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini hata siku hiyo, tangi litabaki pale, leleshwa itachipua, na meno ya wadogo wetu yatakuwa meupe.

Napendekeza chama chetu kianze daftari la mvua hapa shuleni. Mkopo upo, rula ipo, na asubuhi zote tunapita uwanjani. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA ZOEZI

1. Pima paa la darasa lako. Mvua ya milimita 25 ikinyesha, ni lita ngapi zitaingia tangini ukihesabu sehemu nane kati ya kumi?
2. Nyumbani kwenu mko wangapi, na wangapi wako chini ya miaka minane? Tangi la lita 2,000 litawatosha hao wadogo siku ngapi, kila mmoja akitumia lita 3 kwa siku?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floridi.
4. Tumia katika sentensi: kisiki, korongo, chururu, mkondo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu